Usiogope kilomita, ogopa umati

Kila aliyesikia kwamba nimejiandikisha kuendesha baiskeli kutoka Kololo, hapa Kampala, hadi Entebbe aliniuliza jambo moja tu: umbali. Ni kama kilomita 40, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kusimama dukani Kikuubo kutwa nzima, si haba. Jirani yangu muuza vitenge alinipima kwa macho kama anayenunua mbuzi wa Idi, akacheka, akaniambia, "Dada, hao watakurudisha na ambulansi." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimewahi kuendesha huku bega langu likigusana na la mtu nisiyemjua, mwingine akinipumulia kisogoni, na wa mbele akishika breki ghafla kwa sababu ameona rafiki yake kando ya barabara. Kilomita 40 mtu mwenye afya atazimaliza, mradi apewe muda na asione haya kushuka na kusukuma kwenye mlima. Watu ndio mtihani, na kwa mtihani huo karibu hakuna anayejiandaa.

Msafara ulikuwa wa hisani, kuchangia matibabu ya watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa nina ya kusifu na nina ya kulaumu, na misafara hii siku hizi inafanana: unalipa kiingilio, unapewa fulana na namba, unachangisha ndugu na marafiki, kisha mnapanda baiskeli nyote asubuhi moja. Mimi nilivutwa na mtoto wa dada yangu aliyeko Tororo. Baridi ikimpiga, au akikosa maji ya kutosha, mifupa humuuma mpaka analia bila sauti, na mara nyingine huhitaji kuongezwa damu. Nilikuwa nikidhani ni mkosi wa ukoo wetu. Kumbe vipimo vya watoto wadogo vilivyofanywa nchi nzima kati ya 2014 na 2015 vilikuta asilimia 13.3 ya waliopimwa wamebeba kinasaba cha selimundu, yaani zaidi ya mtoto mmoja katika kila wanane. Aliyebeba si mgonjwa. Mgonjwa ni yule aliyerithi kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wengi hawajui hali zao mpaka mtoto aanze kuvimba vidole.

Mimi ni mtoto wa Busia, upande wa Uganda. Kwetu baiskeli ni kazi. Kabla pikipiki hazijajaa, vijana walivusha watu na magunia mpakani kwa baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma. Lakini wanawake tulikaa nyuma, ubavu, miguu upande mmoja, mkoba mapajani. Kukaa mbele na kushika usukani nilijifunza nikiwa mtu mzima, tayari nina watoto, na nilijifunzia usiku kwenye uwanja wa shule ili majirani wasinione. Nalisema hili kwa sababu najua wapo dada wanaodhani wamechelewa.

Nyumbani tuna Roadmaster ya marehemu baba, baiskeli ya chuma kitupu, na nilitaka kwenda nayo kwa fahari. Fundi wetu wa mtaani, mzee Mnubi wa Bombo ambaye hukujibu kwa Kiswahili hata ukimsemesha Kiganda, aliigusa breki zake za vyuma akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hii ni ya kubebea ndizi Busia, kule tambarare. Kampala ni vilima. Kupanda utakufa wewe, kuteremka atakufa aliye mbele yako." Basi nikanunua ya gia, mtumba, kwa shilingi 450,000 baada ya kuombwa 600,000. Mzee akaifungua yote mezani: mpira wa breki mpya, waya mpya, cheni mpya, gololi za magurudumu zikaoshwa na kupakwa grisi, matairi mawili yenye mistari midogo badala ya yale yenye meno makubwa ya kwenye matope. Hapo zikaondoka 100,000 na zaidi. Kwa hiyo ukisikia bei ya baiskeli ya mtumba, ongeza karibu robo yake kabla hujashangilia. Na usiikwepe robo hiyo. Baiskeli mbovu ukiwa peke yako ni shida yako, ila katikati ya umati ni shida ya watu kumi.

Jambo jingine ambalo sijaona mtu akilieleza ni valvu. Baiskeli nyingi za mtumba zinakuja na tyubu zenye valvu nyembamba, tofauti kabisa na ya pikipiki. Pampu ya kituo cha mafuta haiikubali. Pampu ya fundi wa bodaboda haiikubali. Kuna kiungo kidogo cha shaba unachokifunga juu yake na pampu ya kawaida ikashika. Ni kidogo kama kifungo cha shati, na ni rahisi kukipoteza, kwa hiyo nunua viwili. Njiani niliona kijana mwenye baiskeli ya bei kubwa kuliko duka langu amekaa ukingoni, tairi limelala, pampu mkononi, na pampu haimfai kitu.

Kiti nacho kina kipimo chake. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: goti linyooke bila wewe kuyumba. Wengi wetu hukiweka chini mno ili miguu iguse ardhi, tunajisikia salama, halafu magoti yanalia kabla ya nusu ya safari.

Helmeti nilinunua mpya. Za mtumba zipo tele na ni rahisi, lakini ile povu ngumu ya ndani huokoa kichwa kwa kupondeka, nayo ikishapondeka mara moja haifanyi kazi tena, na huwezi kujua ya mtumba imekwisha kuanguka na nani. Kwa wanaovaa hijabu kama mimi: tumia kitambaa chembamba cha pamba kinachovutika, pini zisiwe kisogoni pale mkanda wa helmeti unapokaza, na ncha zote ziingie ndani ya fulana. Juu ya suruali nilivaa kanzu fupi ya kufika gotini. Dera na cheni ni maadui wa tangu enzi.

Mazoezi ya miguu nilifanya Jumapili alfajiri, mji ukiwa bado unajinyoosha. Hayo sina la kuyasifia. Kilichonifaa ni vijana wa kilabu kimoja cha baiskeli upande wetu walionikuta nikihema kwenye mlima na kunialika niendeshe nao. Nilidhani watanifundisha mwendo. Walinipeleka kwenye uwanja wa mpira, wakatupanga wawili wawili, wakatuambia tuzunguke polepole huku tunagusana viwiko makusudi. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Baada ya muda nikagundua kwamba ukiguswa bega wala huanguki. Kinachokuangusha ni kushtuka na kuuvuta usukani. Yule kijana aliyekuwa akituongoza alitusisitizia kitu kimoja kuliko vyote, nami nakisisitiza hapa: gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu la nyuma la aliye mbele yako. Yakigusana, yeye anaweza asihisi chochote, wewe ukawa chini, maana gurudumu la mbele ndilo linalokuweka wima. Kaa nyuma yake kabisa, au mpite umalize. Pale katikati si mahali pa kukaa.

Mengine yalifuata hilo. Enda mstari mmoja, usiyumbe. Ukitaka kuhama, sema kwanza, onyesha mkono, ndipo uhame. Usigeuze shingo kutazama nyuma, kwa sababu mikono hufuata macho. Breki shika zote mbili, kidogo kidogo, na vidole viwe juu yake muda wote. Kunywa maji jifunze nyumbani: kutoa chupa na kuirudisha bila kuangalia. Inaonekana ni mchezo wa watoto hadi uone mtu mzima akiserereka mtaroni kwa sababu alikuwa akitafuta mahali pa kuchomeka chupa.

Usiku wa kuamkia safari nilikula matoke na karanga, nikabandika namba kifuani, nikapanga mkoba: tyubu moja, viraka na gundi, pampu, pakiti mbili za chumvi-sukari za kuchanganya na maji, noti ndogondogo, na karatasi yenye jina langu na simu ya mume wangu. Hiyo karatasi weka hata kama una simu. Simu ina nenosiri, na ukizimia hakuna wa kulijua.

Tuliambiwa tuwe Kololo saa kumi na mbili asubuhi. Tulikuwepo. Huo ni uwanja ambao bendera ya Uganda ilipandishwa Oktoba 1962, na pengine ndiyo sababu hakuna jambo linaloanzia pale bila mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuja jua likiwa limekwisha kuchomoza na kupasha. Hapa sina maneno ya kupamba: waandaaji walituweka tumesimama muda mrefu, foleni ya vyoo ikazunguka mahema, na waliokunywa chai saa kumi na moja wakaanza safari wakiwa na njaa. Ukialikwa saa kumi na mbili, beba ndizi mbili na maji ya kungojea, mbali na yale ya safari. Kula ndizi moja pale mshereheshaji anapoanza kusema "sasa hivi".

Maelekezo ya usalama yalitolewa kwa Kiingereza, kisha kidogo kwa Kiganda. Kikatiba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya 2005, ila spika za Kololo zilikuwa hazijapata taarifa. Katika kundi letu la Kikuubo tulikuwa na Wakongo wa Bukavu na kijana mmoja wa Juba, nikawatafsiria nilichosikia: kaa kushoto, upande wa kulia ni wa kupita, gari la Msalaba Mwekundu liko nyuma, anayechoka asimame ukingoni alisubiri lori. Halafu muziki ukafunguliwa na mengine yakapotea humo. Kwa hiyo mtafute mwenye koti la kuongoza msafara, mwulize ana kwa ana: vituo vya maji viko wapi, njia inabana wapi, lori la kubebea waliochoka lina alama gani.

Mahali pa kusimama mwanzoni pana thamani kuliko baiskeli yako. Mbele kabisa wanasimama wenye mbio, hata kama imetangazwa mara mia kwamba si mashindano. Nyuma yao wanajipanga wanaotaka kupigwa picha. Katikati ndiko kwenye hatari, maana hapo pana kila kitu: mtoto mwenye baiskeli ndogo, mzee mwenye kapu, kijana anayerekodi video kwa mkono mmoja. Baiskeli ikienda polepole mno huyumba, na umati unapoanza kuondoka kila mtu yuko polepole mno. Sisi tulikwenda theluthi ya nyuma, ukingo wa kushoto, tukawaacha watangulie. Tulipoteza dakika chache, tukapata nafasi ya kuanguka bila kuangukia mtu.

Na kumbuka Kololo ni kilima. Safari inaanza kwa kuteremka, breki hazijajaribiwa, damu imechemka, muziki unapiga. Kabla hatujafika barabara ya Jinja nilikuwa nimeshika usukani kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Tulipita barabara ya Kampala, tukateremka Clock Tower, tukaelekea Kibuye, na sikuona kitu chochote cha mji wangu isipokuwa mgongo wa fulana iliyokuwa mbele yangu. Niliogopa kweli. Moyo ulikuwa ukinidunda kooni, na si kwa uchovu.

Polisi wa trafiki walikuwa wametushikia upande mmoja wa barabara, lakini bodaboda wa Kampala hajawahi kuona uwazi akauacha. Walichomoka vichochoroni na abiria, na kreti za soda, mmoja na godoro. Humlaumu, naye yuko kazini. Unachofanya ni kupunguza mapema, kusema kwa sauti, na kumwacha apite. Waliojifanya wana haki ya barabara ndio waliopigana naye vikumbo.

Sauti ndiyo iliyotuokoa Kibuye na Najjanankumbi. Ukiwa katikati ya umati huwezi kuona shimo. Unaliona likiwa tayari chini ya gurudumu. Macho yako ni mdomo wa aliye mbele. "Shimo!" "Ekinnya!" "Tuta!" kila mtu na lugha yake, na kila anayesikia anapaswa kulirudisha neno nyuma kabla hajalikwepa yeye. Wapo walioona haya kupiga kelele. Nyuma yao ndiko watu walikoanguka. Na ukilikwepa shimo, likwepe kwa upana wa kiganja, usihame njia nzima.

Hapo Najjanankumbi nilitaka kushuka. Nilikuwa nimeshasogea ukingoni, nimeshamtafuta kwa macho shemeji yangu tuliyekuwa naye msafarani nimwambie mimi basi. Mzee mmoja kwenye baiskeli nzito ya kubebea mizigo, karia bado imefungwa mpira, akanifikia taratibu bila kuhema. "Mama, legeza viwiko. Baiskeli inajua kwenda, wewe unaizuia." Nikavilegeza. Mabega yakashuka, vidole vikarudi, na mashimo madogo ambayo yalikuwa yakinipiga hadi kwenye meno yakaishia mikononi. Sikumwona tena mzee yule. Nina hakika alifika kabla yangu.

Kutoka Zana na kupita Lubowa barabara inapanda na kushuka bila kukupa nafasi ya kuzoea. Badilisha gia kabla ya mlima, miguu ikiwa bado myepesi. Ukingoja hadi uzito ukubane, cheni itagoma au itatoka. Anayetaka kusukuma kwa miguu aende kushoto kabisa. Nilisukuma kipande cha Seguku, na watoto wa pale walinisukuma mimi.

Ajali niliyoiona ilitokea kwenye mteremko wa kuingia Kajjansi, pale barabara inaposhuka kuelekea bondeni. Mteremko katika umati ni hatari kuliko mlima mara nyingi, kwa sababu wote waliochoka kupanda wanataka kulipwa mwendo. Vijana wawili walikuwa wakishindana. Wa nyuma akaingiza gurudumu ubavuni mwa wa mbele, hasa lile nililokatazwa, wa mbele akakwepa kitu kidogo tu, pengine chupa, yakagusana. Wa mbele alienda zake bila kujua. Wa nyuma alilala lami, na walioko nyuma yake wakamjia mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amenyoosha mkono kujikinga, na mfupa wa bega ukavunjika. Helmeti yake ilipasuka vipande viwili. Yeye alikuwa anaongea.

Lililofuata lilinifundisha kuliko kuanguka kwenyewe. Watu wenye moyo mwema walisimama palepale, katikati ya njia, chini ya mteremko, wakainama kumwinua. Nyuma yao mamia wanashuka. Ungekuwa msiba. Aliyeokoa hali ni mama mmoja aliyetupa baiskeli yake mtaroni na kukimbia kurudi juu akipunga fulana na kupiga kelele watu wapunguze. Basi fanya hivyo: sogea kushoto uiache barabara, mmoja arudi juu kuonya, mmoja akae na majeruhi bila kumvuta wala kumvua helmeti, mmoja aite gari la huduma ya kwanza. Wengine wote waendelee na safari. Kusimama kutazama si kusaidia.

Kituo cha maji kilikuwa baada ya hapo, na nacho kina yake. Wagawaji wanasimama na chupa mkononi, kila mtu anakimbilia meza ya kwanza, watu wanagongana. Pita meza ya kwanza na ya pili. Ya mwisho huwa tupu. Shuka kabisa, kunywa umesimama kando. Chupa tupu usiitupe barabarani, kwa kuwa huviringika chini ya gurudumu la mwingine, na nilishasema nilichokiona Kajjansi. Dada mmoja aliyekuwa akigawa maji pale ana selimundu mwenyewe. Aliniambia anapenda baiskeli ila haendeshi safari kama hii, kwa sababu kujichosha sana na kukaukiwa maji ndiko kunakomlaza hospitali. "Nyinyi endesheni, mimi nitawanywesha," akasema, akaniongezea chupa ya pili.

Baada ya Kajjansi umati ulichujika. Wenye mbio walikuwa mbali, waliochoka wako kwenye lori, na sisi tuliobaki tukawa na barabara ya kupumulia. Kitende, Kisubi na shule zake, Abayita Ababiri. Upepo wa ziwa ulianza kusikika. Mkongo mmoja wa kundi letu aliimba hadi Katabi. Sina mengi ya kusema kuhusu sehemu hii. Ilikuwa raha tupu, na raha haihitaji maelekezo.

Mwisho wa safari, Entebbe, kulikuwa na mahema ya kupima damu ya selimundu bure, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya chakula. Hilo nawasifu waandaaji kwa moyo wote. Vijana wawili wachumba walipima pamoja, wakacheka kwa woga wakingoja. Muuguzi mmoja alitueleza kuhusu haidroksiyurea, dawa ya kumeza kila siku inayopunguza mashambulizi ya maumivu, na kwamba kinachowashinda wazazi wengi ni kuipata mwezi baada ya mwezi bila kukatika. Pale ndipo fedha zetu zilipotakiwa kwenda.

Kurudi Kampala baiskeli zilipakiwa kwenye lori, moja juu ya nyingine. Yangu ilishuka na spoki mbili zimepinda na rangi imechubuka. Kabla ya kuikabidhi, toa pampu na chupa, funga kitambaa cha rangi kwenye kiti uitambue, ipige picha, na ikiwezekana igeuze usukani ulale sambamba na gurudumu ili isishikane na za wenzake. Au fanya kama shemeji: alimpata dereva wa Noah, wakagawana nauli watu watatu, baiskeli zikafika salama.

Sasa fedha, ambazo watu huona haya kuzizungumza. Kiingilio, baiskeli, fundi, helmeti, nauli na vyakula vilinigharimu karibu 700,000. Nilichochangisha kilifika 1,380,000. Ndugu yangu mmoja aliniuliza kwa nini nisingetoa tu hizo 700,000 nikalala. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba baiskeli ninayo bado na naiendea dukani, na kwamba watu waliotoa zile nyingine wasingezitoa kama nisingepanda. Lakini kama unatakiwa kukopa ili ushiriki, usishiriki. Changa moja kwa moja. Na kabla ya kulipa kiingilio popote, uliza ni kiasi gani kinakwenda kwa wagonjwa na kiasi gani kinaishia kwenye fulana na spika. Wanaojibu kwa tarakimu wapo. Wanaojibu kwa tabasamu nao wapo.

Ahadi zikusanye kabla ya safari. Sisi tumezoea vikao vya harusi, tunajua kuahidi. Kulipa ni habari nyingine. Ukishamaliza kuendesha, mtu aliyekuahidi 50,000 anakuona kama mdai. Na fedha zisipite kwenye simu yako. Nilianza kupokea kwa namba yangu, nikaona kwamba kuzitoa kuna ada ya kampuni na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5, na pia kila mchangaji alikuwa na haki ya kuniuliza zimefika wapi. Nikabandika dukani namba ya malipo ya waandaaji wenyewe. Mtu analipa hapohapo mbele yangu, ananionyesha ujumbe, naandika daftarini. Maswali yakaisha.

Aliyebaki ni mteja wangu wa Butembo, ambaye huja kununua kanga na sabuni kwa jumla. Yeye aliahidi 10,000 kwa kila kilomita, nadhani kwa imani kwamba nitaishia Kibuye. Aliporudi nikamwonyesha simu: kilomita 38.6. Akaishika, akaikuza kwa vidole viwili, akaifuata njia yote kwa kucha. "Mama, hii point sita ulikuwa unateremka." Tukabishana, wapagazi wakasikiliza, jirani wa vitenge akachukua upande wake. Mwishowe akalipa 380,000 kwa namba ya waandaaji, akaomba risiti, halafu akaomba na punguzo kwenye sabuni.